Krismasi ya imani na huduma nyumbani: maswali ninayoulizwa kila Desemba hapa Dodoma

Nimefundisha sandeskuli kwa miaka mingi hapa mjini, na kila ikikaribia mwisho wa Novemba maswali ni yale yale. Mengine naulizwa mlangoni mwa kanisa watu wakitoka, mengine yanaingia kwenye kundi la akina mama la WhatsApp saa tano usiku. Nimeona niyaandike yote mahali pamoja nipumzike kidogo. Mimi ni Mwanglikana, mume wangu alilelewa Katoliki, kwa hiyo msishangae nikichanganya vya huku na vya kule. Nyumbani kwetu ndivyo tunavyoishi.

Tuanze lini kuwaandaa watoto?

Anzeni na Majilio. Ni Jumapili nne kabla ya Krismasi, na ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba. Ukisubiri mpaka tarehe 20 umechelewa, maana hapo akili za watu wazima zimeshahamia kwenye nauli, kitoweo na nani atalala chumba kipi.

Desturi iliyotukaa sisi ni Injili ya Luka. Ina sura 24, na kabla ya Krismasi Desemba ina siku 24, kwa hiyo kila jioni sura moja baada ya kula. Haihitaji kitabu cha ziada wala hela. Tahadhari moja tu: sura ya kwanza ina mistari 80. Wadogo watasinzia kabla Zakaria hajafunguliwa kinywa. Igaweni, mama asome nusu, mwingine amalizie.

Sura ya 3 ndiyo watoto wangu wanaisubiri, kwa sababu ya ule ukoo wa Yesu unaopanda hadi Adamu. Wanashindana nani atayatamka majina yote bila kukwama. Wakimaliza tunampigia simu babu yao kijijini, naye anawatajia majina ya ukoo wetu wa Kigogo kurudi nyuma hadi pale kumbukumbu yake inapofika. Kila mwaka anaongeza jina moja alilolisahau mwaka uliopita. Au analibuni, sijui.

Kuna swali ambalo mtoto wako atakuuliza tarehe 24: mbona tumeshafika kwenye ufufuo na Yesu hajazaliwa bado? Usikimbilie kulijibu. Mwache aende nalo kanisani.

Taji la Majilio ni la Wazungu. Kuna haja?

Haja ya lazima hakuna. Ila ujue lilikotoka. Mwaka 1839 huko Hamburg, mchungaji wa Kilutheri, Johann Hinrich Wichern, alikuwa analea watoto maskini kwenye nyumba aliyoianzisha. Walikuwa wanamsumbua kila siku wakiuliza Krismasi lini, akachukua gurudumu la mkokoteni akapanga mishumaa juu yake, wawe wanahesabu wenyewe. Kwa hiyo ni kitu kilichoanzia kwa watoto wasio na kitu.

Letu ni sinia la zamani lenye mchanga, mishumaa minne, na matawi ya mwarobaini kuzunguka. Watu wanataka mitatu ya zambarau na mmoja wa waridi. Dukani kwa Mangi ipo myeupe tu, basi tunaifunga utepe. Umeme ukikatika mshumaa wa Majilio ndio unaotumulikia kula, na sioni kosa hapo.

Pango tulitengenezeje bila kununua sanamu?

Hili nalipenda, mnivumilie.

Desturi ya kuonyesha pango la Noeli huhesabiwa kuanzia kwa Mtakatifu Fransisko wa Asizi, mwaka 1223, katika kijiji cha Greccio, Italia. Aliweka hori, nyasi, ng'ombe na punda wa kweli, ili watu waone kwa macho yao umaskini aliozaliwa nao Mtoto. Haikuwa mapambo ya sebuleni.

Sasa, mwaka mmoja tulikuwa kijijini upande wa Chamwino, na mwanangu wa darasa la pili akamuuliza bibi yake kwa nini Yosefu alikubali mke wake ajifungulie kwenye banda la wanyama. Bibi akacheka mpaka akakohoa. "Banda gani? Mbona sisi mbuzi walikuwa wanalala humu humu!" Akamshika mkono akampeleka mwisho wa tembe, nyumba ile ya zamani ya Kigogo yenye paa la udongo lililo bapa, akamwonyesha chumba ambacho ndama na mbuzi wadogo waliingizwa jioni, na ua wa katikati walipolala ng'ombe wakubwa. Ukutani bado kulikuwa na utelezi mahali ambapo ngozi za mbuzi zilisugua udongo miaka na miaka. Mtoto akaweka kiganja pale.

Niliporudi nikafungua Luka 2 nikasoma upya. Hataji banda. Anataja hori, na anasema hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni, basi. Mtu wa Dodoma aliyekulia kwenye tembe anaielewa picha hiyo haraka kuliko mimi niliyejifunzia kwenye kadi zenye theluji.

Tangu hapo pango letu ni tembe. Udongo wa kufinyanga kutoka korongoni, mabua ya uwele kwa ajili ya paa, kipande cha kibuyu ndicho hori. Mamajusi hawakai pangoni mapema. Wanaanzia jikoni, juu ya kabati la vyombo, na kila siku mtoto mmoja anawasogeza hatua kuelekea sebuleni. Wanafika tarehe 6 Januari, siku ya Epifania. Idadi yao? Biblia inataja zawadi tatu, wao wenyewe haikuwahesabu. Mwaka juzi walikuwa saba, kwa sababu udongo ulibaki.

Baba Krismasi tumwambie nini mtoto?

Mwambieni habari za Nikolao. Alikuwa askofu wa Mira, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya 4. Simulizi la kanisa linasema alirusha mifuko ya dhahabu dirishani usiku, kwa siri, kwenye nyumba ya baba aliyekosa mahari ya kuwaoza mabinti zake watatu, maana huko mahari ilitolewa na upande wa binti. Sikukuu yake ni tarehe 6 Desemba.

Neno la kushika hapo ni siri. Siku hiyo kila mtu nyumbani kwetu anachomoa karatasi yenye jina la mwenzake, na mpaka Krismasi anamfanyia mambo mema bila kujulikana. Kiatu kimepigwa rangi. Ndoo imejaa kabla mwenye zamu hajaamka. Mume wangu hugundulika siku ya pili, hana siri yule.

Huduma gani hasa inafaa? Tunataka kufanya kitu, hatujui tuanzie wapi.

Anzia kwenye kalenda ya mvua. Hapa kwetu msimu wa mvua ni mmoja tu. Zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kukoma Aprili, hatuna vuli na masika kama wenzetu wa pwani. Maana yake ni kwamba Krismasi inatukuta katikati ya kupanda. Na inatukuta ghala za wengi zimefika chini, kwa sababu mavuno ya mwisho yalikuwa Mei na Juni. Mjane au mzee ambaye hakupanda mvua ziliposhuka, kwa kukosa tu mikono ya kumsaidia, njaa yake ya mwaka ujao imeshaamuliwa wiki hiyo hiyo ambayo sisi tunakaanga vitumbua.

Ndiyo maana kwetu tarehe 26 ni siku ya jembe. Kanisa siku hiyo linamkumbuka Stefano, yule mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuwahudumia wajane chakula, Matendo sura ya 6. Serikali inaiita Boxing Day, na watoto wangu kwa muda mrefu waliamini ni sikukuu ya ngumi.

Tunatoka alfajiri, watu saba au tisa, na majembe yetu wenyewe, maana kumwendea mtu kulima kisha ukamwazima jembe lake ni mzigo. Wakubwa wanatangulia wanachimba vishimo kwa mstari, watoto wanafuata na kopo la mbegu. Uwele unadondosha punje chache, unafukia kwa kisigino, unasonga. Mtoto wa miaka saba anaweza kazi hiyo kuliko wewe, mgongo wake uko karibu na ardhi. Ikifika saa tano jua linauma, tunakaa chini ya mbuyu tunafungua hotpoti: pilau ya jana, kuku aliyebaki, na mwenye shamba anatuletea mlenda wake. Mwaka wa kwanza watoto waliunusa ule mlenda kwa mashaka. Siku hizi wanagombania.

Kama mvua bado, mbegu mnaiacha. Mnasafisha shamba, mnakata visiki, mnamchotea maji.

Je, tukipeleka nguo na vyakula haitoshi?

Inaweza kutosha, kama ndicho kinachohitajika. Niwape kosa langu.

Mwaka wa kwanza tulikwenda kwa bibi mmoja na mfuko wa nguo zetu za zamani, biskuti, sukari na sabuni. Nilikuwa nimewavalisha watoto vizuri. Bibi alipokea kwa mikono miwili, akatuombea baraka, akauweka mfuko kando ya mlango. Kisha akanyanyua fimbo yake akaelekeza juu ya paa la tembe. "Mwanangu, pale panavuja." Chini ya pale palikuwa na sufuria, na kitanda kimesogezwa hadi ukutani. Nikatazama mfuko wangu wa nguo. Nikatazama tena sufuria.

Tulirudi tarehe 28 na vijana watatu wa kwaya, miti, nyasi na ndoo za udongo. Kazi ilichukua nusu siku. Ule mfuko wa nguo sikuuona tena, na sikuuliza.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: mtu mzima mmoja atangulie wiki mbili kabla, bila watoto, bila zawadi, akae, aulize. Au mwulize balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa jumuiya, mwinjilisti wa mtaa. Wanajua paa la nani linavuja.

Vipi kuhusu vituo vya watoto yatima?

Nendeni, ila si tarehe 25. Nilishafika kituo kimoja siku hiyo nikakuta vikundi vitano vimepanga foleni getini, kila kimoja na keki yake na mpiga picha wake. Watoto walikuwa wameimba nyimbo zile zile tangu asubuhi, wameshiba soda mpaka wanatapika. Mlezi mmoja akaniambia taratibu tukiwa jikoni, "Dada, mngekuja Februari." Tukaenda Februari. Stoo ilikuwa na nusu gunia la unga.

Na simu ibaki mfukoni. Ungekubali mgeni ampige picha mwanao akipokea daftari?

Sisi tunakaa mjini, hatuna shamba wala kijiji huku.

Mko wengi. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia huku mwaka 2016, majirani zangu nusu ni watu wa mikoa mingine, na Krismasi ikifika wanawahi treni ya SGR au mabasi ya usiku kwenda makwao. Wanaobaki ndio nawaonea huruma: mlinzi wa geti, muuguzi wa zamu, askari, mwanafunzi wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekosa nauli, kijana wa bodaboda wa kutoka Kigoma.

Sahani ya ziada mezani ndiyo huduma yenu. Luka 14 Yesu anasema wazi, ukifanya karamu usiwaite wale watakaokualika nawe. Familia moja ya hapa Nkuhungu kila Krismasi humpelekea chakula mlinzi wa mtaa, na baba mwenye nyumba anamshikia lindo saa moja ili ale ameketi. Hiyo saa moja ndiyo zawadi. Chakula angeweza kuletewa na yeyote.

Hospitali pia. Dodoma inapokea wagonjwa kutoka mbali, Manyoni, Kondoa, Kiteto, na ndugu wanaowauguza wanalala popote. Ulizeni kwanza saa za kuona wagonjwa na kinachoruhusiwa kuingizwa. Mara nyingi kinachohitajika ni sabuni, uji wa chupa, na mtu wa kukaa na mgonjwa ili dada yake akaoge. Wakubwa wenye afya, wa miaka 18 na kuendelea na uzito usiopungua kilo 50, wanaweza kuchangia damu. Ajali hazina sikukuu.

Nguo mpya na pilau ni vibaya?

Hapana. Mtoto kuvaa gauni jipya Krismasi ni furaha, na furaha nayo ni ibada. Sisi tuna sharti moja tu: nguo mpya ikiingia, moja iliyo nzima itoke. Nimesema nzima. Iliyotoboka ni dekio.

Hatuna hela kabisa mwaka huu.

Basi mko karibu zaidi na habari yenyewe kuliko sisi wengine. Someni wimbo wa Mariamu, Luka 1 kuanzia mstari wa 46, muone Mungu anawashibisha akina nani. Luka ni bure, udongo ni bure, mikono ni yenu. Na mkikaribishwa mahali, nendeni. Kupokea nako kunahitaji unyenyekevu, kwa wengine kuliko kutoa.

Majirani zetu ni Waislamu. Tuwahusisheje?

Kama wao wanavyotuhusisha siku ya Idi. Kwetu mbuzi wa Krismasi huchinjwa na mzee wa nyumba ya tatu, Mwislamu, ili kila atakayeingia ale kwa amani. Nguruwe haingii jikoni siku hiyo. Sahani ya kwanza inayotoka ni yao, imefunikwa kawa. Mwaka fulani mvua ilitubana, na aliyetusafirisha kwenda shambani na pikapu yake tarehe 26 alikuwa kijana wa huyo mzee. Akashuka akapanda mistari miwili. Hatukumwombea kubadili dini, tulimwombea mvua nzuri kwenye alizeti zake.

Na ndugu Wasabato wasiosherehekea?

Msibishane tarehe. Shambani tarehe 26 wanakuja bila shida, isipokuwa iwe Jumamosi.

Tuwapeleke watoto wadogo kwenye mkesha?

Inategemea umbali na usafiri. Mvua ya usiku ikiyajaza makorongo, na bodaboda ya watu wanne gizani, hata malaika hawakushauri. Wadogo wakalale, waende ibada ya asubuhi. Lakini mtoto wa miaka kumi aende mara moja akaone. Kwaya ikianza ule wimbo wa Cigogo, makofi yakaingia, akina mama wakapiga vigelegele na zeze likalia, atausahau usingizi.

Vijana wetu wanachoka na haya mambo. Wanataka bustani ya Chinangali na simu zao.

Wapeni madaraka. Hotuba waachieni wachungaji. Wa kwangu wa miaka 16 alikuwa anajiburuza shambani kama anapelekwa mahabusu. Mwaka jana tukamkabidhi bajeti na safari yote: nauli, mbegu, chakula, nani anabeba nini. Alitugombeza sote kwa kuchelewa. Jioni akaenda Chinangali Park na wenzake, na hilo nalo sawa. Kukesha kwenye baa au kwenye wanzuki kijijini ni habari nyingine, na hapo wazazi tutangulie sisi kuacha.

Mmoja wetu hasali. Tufanyeje?

Asilazimishwe kusoma Luka. Mwombeni jembe. Wengi wanaokataa kukaa kanisani saa tatu hawakatai kubeba udongo saa tatu.

Krismasi ikiisha, tunaendeleaje?

Hapa ndipo kibubu kinapoingia. Jumapili ya kwanza ya Majilio tunanunua kibubu cha udongo pale soko la Majengo, kinakaa karibu na lile sinia la mishumaa. Kila mtu anatumbukiza alichojinyima: soda, vocha, nauli ya bajaji ukiamua kutembea. Hakuna anayeandika nani katoa nini.

Kinavunjwa tarehe 6 Januari, Mamajusi wakishafika pangoni. Tarehe hiyo ina sababu. Shule zinafunguliwa Januari, na ingawa elimu ya msingi haina ada, kuna sare, viatu, madaftari, na wazazi wengi wametoka sikukuu mifuko imekauka. Kuna mtoto mmoja kila mwaka, tumeshamjua kupitia mwalimu wake, na yeye hajui hela imetoka wapi. Mwalimu ndiye anayempa.

Zamu ya kuvunja ni ya mtoto mdogo kuliko wote. Mwaka huu alikipiga na mchi mara tatu, kikagoma, akakirusha sakafuni. Sarafu zikaingia hadi chini ya friji. Tulikuwa wote tumelala kifudifudi tunazitoa kwa fagio, na kati ya sarafu ikatoka Mamajusi mmoja wa udongo, wa saba, ambaye hakuna aliyejua aliingia lini. Tukamweka na wenzake, tukahesabu: sare moja na madaftari kumi na mawili.

Viatu vilipungukiwa. Baba akaongezea.